Doa la Saba, Mteremko wa Mlimba

Treni ilikuwa imeshaiacha Makambako kilometa nne nyuma, na Gaudensia Tawete alikuwa bado amelala kifudifudi kwenye korido ya behewa, ameshika mguu wa kiti cha mgonjwa, akidai haki yake. Mwanamke wa miaka sitini na tano, mnene wa afya, amejitanda kaniki kama mfiwa. Kilio chake kilifika mpaka kwa dereva wa injini, ila machozi hayakuwapo hata tone.

"Mtumwa wangu anapelekwa kuokwa kama mkate," alisema, "na hakuna aliyeniuliza mimi mwenye mali."

Mtumwa mwenyewe, Mzee Fidelis Kikoti, alikuwa kwenye hicho kiti, anacheka mpaka kashika mbavu.

Anayejua utani wa Wahehe, watu wa Fidelis, na Wangoni, watu wa Gaudensia, hawezi kushangaa. Babu zao walipigana, wakachoshana, na waliobaki wakaona heri kutupiana maneno kuliko mikuki. Tangu hapo Mngoni ana ruhusa ya kumtukana Mhehe harusini, sokoni na hata mbele ya jeneza, na Mhehe vilevile, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Mtani akikuzibia njia siku ya safari, unampa kitu akupishe: kuku, kanga, hata kiberiti kinatosha. Leonia, mke wa Fidelis, alilijua hilo tangu utotoni. Lakini asubuhi ile mkono mmoja ulikuwa na bahasha ya picha za kichwa na mwingine umemshika mumewe asicheze ngoma mbele ya abiria, na kiberiti hakikumjia akilini. Basi Gaudensia akapanda nyuma yao. Na treni ile ikishaanza kuteremka haisimami kwa ajili ya mtu.

Haikusimama kwa sababu mlima ndio uliokuwa jenereta. Kutoka Makambako mpaka Mlimba reli inashuka na kushuka, mahandaki na madaraja, saa tano nzima, na kila gurudumu la treni ile lilikuwa na dinamo yake. Badala ya breki kusaga chuma kwa chuma, uzito wote wa mabehewa ulizuiliwa na hizo dinamo, na umeme uliopatikana ukaingia katika behewa la tatu, lililopakwa rangi nyeupe, ambalo watu wa kule waliliita Behewa la Nuru. Miaka hiyo mvua zilikuwa zimeshazikata barabara za bonde mara nyingi mno, hata serikali ikaona bora hospitali iwafuate watu. Mgonjwa anapandia juu, anatibiwa njiani, anashukia chini. Wakifika Mlimba umeme umekwisha. Behewa linakwenda kuhudumia miteremko mingine, na kurudi kwake ni siku arobaini.

Fidelis hakuwa na siku arobaini za kuchezea. Saratani ilimwanzia kwenye mapafu, yeye ambaye hakuwahi kuvuta hata msokoto mmoja, na vidonge vikaituliza huko. Lakini kabla haijatulia ilikuwa imeshatupa mbegu kichwani. Picha zilionyesha madoa saba.

*

Dokta Tusekile Mwaisaka, aliyekuwa na behewa lile, alikuwa mwanamke mfupi mwenye tabia ya kutafuna karanga akiwa kazini. Alimtazama Gaudensia pale sakafuni, akauliza kama naye ni mgonjwa. Leonia akamwambia si mgonjwa, ni mtani. Daktari akasema kwao Rungwe watani huwa wanakaa kwenye viti, akamwomba aende kuketi chumba cha nje, akafunga mlango.

Kazi ikaanza na ramani. Fidelis alilazwa kwenye kitanda chembamba, kichwa kikavishwa barakoa ya wavu iliyofinyangwa kwa uso wake, na mashine ikakaa robo saa ikisikiliza ubongo ukifanya kazi. Kwenye skrini kila sehemu ilijitokeza kwa rangi: hapa anaposikia, hapa anapojua mkono wake ulipo, hapa panapokaa majina ya watoto. Daktari alieleza kwamba kuyaona madoa ni kazi ndogo. Kazi ni kujua doa limekaa juu ya nini.

Kisha ikaja mionzi. Leonia alikuwa ametazamia ngurumo, au joto, au harufu. Hapakuwa na kitu. Daktari alimweleza kwa mfano: fikiria watu mia mbili wanatoka vijiji mia mbili, kila mmoja na kaa moja la moto kwenye kigae. Njiani haunguzi hata jani. Lakini wote wakifika mahali pamoja kwa wakati mmoja na kumwaga makaa yao, pale patawaka. Ndivyo mionzi ilivyokatiza kichwa cha Fidelis kutoka pande mia mbili bila kudhuru kitu, ikakutana kwenye doa tu. Na treni ilipoyumba kwenye kona, mashine iliyumba nayo, kama mama aliyebeba mtoto mgongoni.

La kwanza likaungua, la pili likaungua. Fidelis alikuwa akiongea chini ya barakoa muda wote. Alimwambia daktari kwamba wavu huo wangemtengenezea zamani, mkewe angelala bila mbu. Alimwita Leonia "mpenzi wangu" mara tatu, na Leonia akaangalia sakafu kama msichana.

Maana hapo ndipo palipokuwa na mambo. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Fidelis hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mkaguzi wa reli. Reli hiihii aliitembea kwa miguu miaka thelathini, na nyundo begani, akigonga bolti moja moja. Nyumbani alizungumza kama anayesoma ilani. Watoto walimwamkia wakiwa mlangoni, wakaondoka. Hakupiga mtu, hakulewa, hakukosa kuleta mahitaji, na hakuna siku aliyocheka. Gaudensia alimtania miaka yote hiyo na kupata jibu moja tu: "Umemaliza?"

Halafu, miezi saba nyuma, alimwona mbuzi amepanda juu ya paa la kanisa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka jioni. Kesho yake akamwita Leonia mpenzi mbele ya padri. Wiki iliyofuata akacheza sindimba peke yake uani, na wajukuu ambao walikuwa wakimkwepa wakawa hawabanduki magotini pake. Leonia alipopelekewa habari ya madoa saba alikuwa ameshaingia mwezi wa saba wa furaha ambayo hakuitegemea tena duniani.

Walipopita stesheni ya Uchindile, sita yalikuwa yameungua. Daktari akazima kipaza sauti cha chumba cha mgonjwa, akaweka karanga pembeni.

"Mama, hili la saba tuzungumze," alisema.

Doa la saba lilikaa juu ya kicheko. Ramani ilikuwa imeonyesha pale panawaka robo saa nzima bila kupumzika, na Fidelis amelala peke yake hana wa kumchekesha. Kicheko kisicho na sababu, alisema daktari, ni cha ugonjwa. Na kwa jinsi ramani ilivyokaa, hapakuwa na kicheko kingine kichwani humo. Likichomwa, anapona, ila anarudi kuwa yule wa zamani. Likiachwa, anabaki huyu wa sasa, kwa mwaka mmoja, labda na miezi miwili.

Leonia akasema mwenye kichwa aulizwe. Daktari akamwonyesha fomu. Miaka hiyo kulikuwa na Sheria ya Nafsi: ugonjwa ukigusa tabia ya mtu, mtu huyo hawezi kujiamulia peke yake juu ya sehemu iliyoguswa, maana hujui anayejibu ni nani. Anatafutwa shahidi wa tabia, aliyeishi naye zaidi ya miaka ishirini, naye anatia kidole kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili. Kimoja kimeandikwa NI YEYE. Cha pili, NI UGONJWA.

"Nina muda gani?" Leonia akauliza.

"Mteremko umebaki wa saa moja na nusu. Doa linataka dakika ishirini."

*

Leonia alitoka na fomu yake, akaketi chumba cha nje karibu na Gaudensia, wakatazama miti ikipanda juu huku wao wanashuka. Gaudensia alikuwa amepewa chai na wahudumu, amevua viatu.

Sheria ile iliandikwa na watu wenye akili, lakini hawakuwahi kuishi na Fidelis Kikoti. Leonia alijua kidole chake kilitaka kwenda wapi. Kilitaka NI YEYE. Mwaka mmoja wa kuitwa mpenzi, dhidi ya miaka kumi, labda kumi na tano, ya ilani. Nani angemlaumu? Kisha akajisikia vibaya, maana alikuwa anapima maisha ya mtu kwa raha yake mwenyewe. Kisha akafikiri kwamba wajukuu nao ni watu. Kisha akafikiri kwamba Fidelis wa zamani, yule mkavu, hakuwa amemkosea kiasi cha kunyimwa uhai. Akamweleza Gaudensia yote, kwa sauti ya chini.

Gaudensia alisikiliza, na kwa mara ya kwanza siku ile hakutania. Alisema yeye angekuwa mke angejua la kufanya, lakini yeye ni mtani, kazi yake ni kumchekesha mtu tu, na tangu asubuhi ameifanya vizuri. Hata wakati wa ile ramani, alisema, hakupumzika.

Leonia akageuka. "Wakati wa ramani ulikuwa wapi?"

"Pale." Alionyesha kidirisha kidogo cha kioo, upande wa miguu ya mgonjwa, mahali ambapo daktari akiwa kwenye skrini yake anakipa mgongo. "Nilisimama juu ya benchi. Nikalala kama maiti ya Mhehe, ulimi nje. Halafu nikamwonyesha tutakavyogawana nguo zake. Suruali ile ya kijivu nilijipa mimi."

Leonia alikumbuka kumwona. Hilo ndilo lililomkata maini. Alimwona kwa macho yake juu ya benchi, ametoa ulimi, na hakusema neno, kwa sababu mtani akifanya hivyo ni kawaida. Hakuna anayemtaja mtani, kama usivyotaja kwamba jogoo amewika. Na daktari wa watu akaandika kwamba mgonjwa anacheka bila sababu.

Aliinuka, akagonga mlango. Kumwambia daktari kulikuwa na hatari yake: ramani ikirudiwa, inaweza kuja na jibu lilelile, na hapo hata kisingizio cha kukosea hatakuwa nacho. Akamwambia hivyohivyo.

Dokta Tusekile alichungulia kidirishani, akamkuta Gaudensia anachungulia kwa upande wa pili. Wakatazamana. Daktari akavuta pazia.

"Miaka sita kazini," alisema, "sijawahi kuulizia mtani."

*

Ramani ya pili ilikula dakika kumi na tano za mteremko. Mara hii doa la saba liliwaka na kuzimika, likawaka na kuzimika, kama tochi ya betri mbovu. Cheche hizo zilikuwa za ugonjwa, hazikuwa na sababu. Lakini kama kilikuwapo kicheko kingine pembeni, hakikuonekana, maana hakuna aliyekiita, na mara ya kwanza mwako wa doa ungekuwa umekifunika.

Daktari akasema iko njia moja. Mashine inaweza kulilaza doa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, kwa dakika kumi, bila kuliunguza. Litasinzia, kisha litaamka. Kwa dakika hizo kumi atarudi mtu wa zamani, naye anaweza kuulizwa. Sheria haikukataza, pengine kwa sababu walioiandika hawakulifikiria.

Barakoa ikafunguliwa, Fidelis akaketi kitandani na taji la waya kichwani. Alikuwa katikati ya hadithi ya mbuzi. Daktari akageuza kitufe, na hadithi ikakatika. Uso ukashuka taratibu, mistari miwili ikarudi kando ya mdomo, na Leonia akamwona mume aliyemzoea, kana kwamba amerudi kutoka safari ya miezi saba. Midomo yake ilikuwa ikitikisika kidogo. Treni ilikuwa inapita juu ya daraja refu.

Leonia alimwinamia, akasikia. Alikuwa anahesabu. Mia mbili na kumi na moja, mia mbili na kumi na mbili.

"Baba Vitalis, unahesabu nini?"

"Bolti," alisema. "Usinipoteze."

Daraja lilipokwisha ndipo alipomtazama. Akamwambia, kwa ile sauti ya ilani, jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kwamba miaka yake ya mwanzo kazini alipitisha daraja akiwa anapiga soga na mwenzake, na bolti tatu zikampita, na ni bahati tu mkaguzi wa zamu iliyofuata akaziona kabla ya treni ya abiria. Tangu hapo akaanza kuhesabu, na hesabu haikunyamaza tena. Mezani anahesabu, kanisani anahesabu. Watoto wakiongea naye anahesabu, na ukimchekesha mtu anayehesabu unamharibia. Miezi saba hii ndiyo aliyopumzika.

Leonia alisimama pale na fomu yake mkononi. Miaka arobaini na mmoja, alifikiri. Arobaini na mmoja, na mimi nilidhani hanipendi.

Gaudensia, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia bila kuitwa. Alimtazama Mhehe wake amenuna kama zamani, akavuta benchi, akaketi mbele yake goti kwa goti.

"Daraja lile lina bolti ngapi?"

"Upande huu, mia tatu na sitini."

"Mia tatu na hamsini na tisa."

Fidelis akasema yeye alilihesabu miaka thelathini. Gaudensia akasema hilo halimshangazi, babu zake Fidelis nao walihesabu Wangoni miaka thelathini na hawakujua wako wangapi, kwa sababu walikuwa wanahesabu huku wanakimbia.

Fidelis Kikoti, doa likiwa limelala fofofo, akasema bila kutabasamu:

"Tulikimbia kwa sababu ya harufu."

Halafu bega likatikisika kidogo. Sauti ikatoka puani, kavu, ngeni, kama mlango ambao haujafunguliwa tangu nyumba ijengwe. Gaudensia akapiga makofi, akaanguka ubavu. Na kwenye skrini, upande wa pili kabisa wa kichwa, mbali na doa, kitu kidogo cha rangi ya chungwa kikawaka, kikakaa.

"Hicho," alisema Dokta Tusekile, na karanga zikamwagika. "Hicho ni cha kwake."

Zilibaki dakika mbili za doa kulala. Leonia hakuzipoteza. Alimwambia mumewe ukweli wote: likichomwa, hesabu itarudi. Ngoma ya uani hataijua. Hata lile jina analomwita siku hizi huenda asilitamke tena. Kicheko kipo, kimeonekana, lakini kitakuwa cha kuchimbwa, hakitatiririka. Likiachwa, ni mwaka mmoja kama huu uliopita.

Fidelis alifikiri, na midomo yake ilitulia, ikimaanisha alikuwa ameacha kuhesabu ili afikiri.

"Mama Vitalis," alisema, "choma. Kama kipo, utakichimba wewe. Nyundo ninayo."

Doa likaamka, naye akaendelea na mbuzi pale alipoishia. Leonia alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka naye, akamwomba amwite mpenzi mara moja zaidi, naye akamwita. Kisha akaweka kidole kwenye NI UGONJWA, akakibonyeza mpaka kikaacha alama. Barakoa ikafungwa. Watu mia mbili wakamwaga makaa yao. Taa za behewa zikafifia kwa sekunde ya mwisho, treni ikatoka kwenye miti, na Mlimba ikaonekana, tambarare na ya kijani, na watu wamejaa stesheni.

Fidelis alishuka kwa miguu yake. Aliwaangalia waliokuja kumpokea, akasema asanteni. Gaudensia akamwambia anatembea kama bata. Ilichukua muda, lakini bega lilitikisika.

*

Fidelis Kikoti aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo, akafa kwa moyo akiwa na miaka themanini na miwili. Madoa hayakurudi kichwani. Alihesabu mpaka mwisho. Alicheka, kwa hesabu ya wajukuu, mara mbili au tatu kwa wiki, na hakuwahi tena kucheza ngoma. Neno lile hakulitamka.

Gaudensia Tawete alitangulia, mwaka wa nne. Fidelis alisafiri siku mbili kwenda Namtumbo, akalala chini mbele ya jeneza, akasema haliendi popote mpaka arudishiwe suruali yake ya kijivu. Waliokuwapo wanasema watu walicheka hata padri akalazimika kuanza sala upya.

Dokta Tusekile alikaa na behewa miaka mitano mingine, kisha akaenda Mbeya kufundisha. Fomu ya ramani ikaongezwa swali: mtani wa mgonjwa ni nani, na yuko wapi sasa hivi. Sheria ya Nafsi ilirekebishwa mara mbili. Behewa lenyewe lilistaafishwa barabara zilipotengemaa, na mashine yake ikahamishiwa hospitali isiyotembea.

Leonia yupo. Anakaa Ifunda kwa bintiye, anafuga nyuki, na macho yake bado yanasoma.